Je, dondoo za mimea zinaweza kuyeyusha jiwe la figo?

Swali la msomaji: Nina umri wa miaka 41. Mwezi uliopita nilishikwa na maumivu makali ya ubavu, na baada ya siku nne kijiwe kidogo kikatoka kwenye mkojo, nami nikakimwaga chooni. Picha ya CT imeonyesha jiwe jingine la milimita 6 lililobaki sehemu ya chini ya figo ya kushoto. Daktari ameniambia ninywe maji kwa wingi na nirudi baada ya wiki sita. Shemeji yangu ameniletea chupa ya dondoo ya mmea uitwao Phyllanthus niruri, pamoja na video inayoonyesha jiwe likiyeyuka ndani ya glasi. Ninatumia lisinopril kwa ajili ya shinikizo la damu. Je, dondoo hizi zinayeyusha mawe kweli, na naweza kuzitumia huku nikisubiri?

Ndugu msomaji,

Video uliyoletewa huenda ni ya kweli kabisa, na bado isikuhusu. Mawe yenye kalsiamu, hasa yale ya fosfati, huliwa na asidi yakitumbukizwa kwenye glasi ya kitu kikali, kama vile ganda la yai linavyolainika ndani ya siki. Lakini dondoo unayoinywa haifiki kwenye figo ikiwa vile ilivyokuwa chupani. Hupita tumboni na kwenye utumbo, ambako sehemu ya kemikali zake haifyonzwi kabisa. Ini hubadilisha sehemu nyingine. Na kinachosalia huchanganyika na lita zipatazo tano za damu, ambayo mwili huilinda kwa nguvu zote isitoke nje ya pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambapo namba ndogo ni ukali zaidi) ya 7.35 hadi 7.45. Kinachochujwa na kuingia kwenye mkojo ni kidogo mno kikilinganishwa na kilichokuwa ndani ya glasi ile. Mfano wa limau unaonyesha vizuri jinsi glasi inavyoweza kupotosha: asidi ya sitriki iliyomo ndani yake ikishachakatwa mwilini haiufanyi mkojo kuwa mkali, na inaweza hata kuupunguzia ukali.

Kabla ya kuuliza kama mmea fulani unayeyusha jiwe, inabidi tuulize ni jiwe gani, kwa sababu neno hili moja linakusanya vitu visivyofanana. Takribani mawe manane katika kila kumi yana kalsiamu, na mengi kati ya hayo ni kalsiamu oksaleti, chumvi ngumu ambayo haiyeyuki kwa urahisi katika mkojo wa kawaida. Yako mawe ya asidi ya yuriki, ambayo hujengeka mkojo unapokuwa mkali kupita kiasi. Yako mawe ya struviti, yanayotokana na maambukizi ya bakteria wanaovunja urea, taka iliyomo kwenye mkojo, na yako machache ya sistini, yanayosababishwa na hitilafu ya kurithi. Kati ya yote haya, jiwe ambalo tiba ya sasa inaweza kulitegemea liyeyuke kwa dawa ya kunywa ni lile la asidi ya yuriki: mgonjwa hupewa potasiamu sitrati au dawa nyingine ya kupunguza ukali wa mkojo, pH ikapandishwa hadi karibu 6.5 na kudumishwa hapo, na baada ya wiki au miezi kadhaa jiwe hupungua na mara nyingine kutoweka. Kwa kalsiamu oksaleti hakuna dawa iliyothibitishwa kufanya hivyo kwa binadamu, iwe imetoka kiwandani au shambani. Ukisikia mtu akisema dawa yake huyeyusha mawe yote, ujue kwamba hajui yametengenezwa na nini.

Hata hivyo, sitaki ufikiri kwamba watafiti wanaoshughulika na mimea wanapoteza muda wao. Phyllanthus niruri, ambao Wabrazili wameupa jina lenye maana ya mvunja mawe, ni miongoni mwa mimea iliyochunguzwa zaidi katika jambo hili, na yaliyopatikana ni ya kuvutia ingawa si yale yanayotangazwa. Watafiti walipochanganya mkojo na dondoo ya mmea huu kisha wakaongeza oksaleti ili fuwele zijitengeneze, fuwele zilijitokeza, lakini zilikuwa ndogo zaidi na hazikushikamana kwa wingi kama ilivyo kawaida. Utafiti mwingine uliotumia seli za figo zilizokuzwa maabara ulionyesha kwamba, dondoo ikiwapo, seli hizo hupunguza tabia yake ya kuzimeza fuwele za kalsiamu oksaleti. Jambo hili lina uzito, kwa sababu fuwele peke yake si ugonjwa. Ukiuweka mkojo wa mtu mwenye afya chini ya hadubini unaweza kuziona fuwele za oksaleti zenye umbo la bahasha ya barua, pembe nne na msalaba katikati, na mtu huyo asiwe na jiwe hata moja, kwa kuwa huzikojoa kabla hazijapata mahali pa kujishikiza. Jiwe huanza pale fuwele zinapong'ang'ania ukuta wa figo, mara nyingi juu ya mabaka madogo ya kalsiamu fosfati ambayo Alexander Randall aliyaeleza mwaka 1937, kisha nyingine zikajijenga juu yake tabaka kwa tabaka.

Kwa hiyo kinachoonekana maabara ni uwezo wa kuzuia fuwele zisikue na zisishikamane. Huo ni uwezo wa kukinga, na hauwezi kuitwa uwezo wa kuyeyusha jiwe ambalo limekwisha kuwa gumu. Tofauti hii ndiyo inayopotea njiani kati ya maabara na lebo ya chupa.

Upo pia msururu mrefu wa tafiti za panya, na hapa nakuomba uvumilie maelezo kidogo, kwa sababu karibu kila tangazo la dawa ya mawe linalodai kuthibitishwa kisayansi linaegemea tafiti za aina hii. Panya wa kawaida hapati mawe kirahisi, hivyo watafiti humwekea ethilini glaikoli, kemikali inayotumika katika kipozeo cha injini za magari, kwa kiwango cha asilimia 0.75 ndani ya maji yake ya kunywa, kwa muda wa siku 28 hivi. Ini la panya huigeuza kemikali hiyo kuwa oksaleti, figo zake zikajaa fuwele, na wakati huohuo tishu za figo zikajeruhiwa na sumu yenyewe. Kundi moja la panya hupewa pia dondoo, na mwishoni figo hukatwa vipande vyembamba na fuwele zikahesabiwa. Mimea mingi sana hufaulu mtihani huu, kwa sababu dondoo yoyote inayoongeza mkojo au inayopunguza madhara ya sumu kwenye seli itaonekana imefanya kazi. Aliyepata jiwe baada ya miaka ya kunywa maji machache na kula chumvi nyingi hafanani na panya aliyenyweshwa kipozeo kwa wiki nne. Mimi huzisoma tafiti hizi kama njia ya kuchagua mmea upi ufikishwe kwa binadamu, na sizichukui kama ushahidi kwamba umemtibu yeyote.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba, ingawa upo. Nchini Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa wagonjwa wa mawe vidonge vya miligramu 450 vya dondoo ya Phyllanthus niruri mara tatu kwa siku kwa miezi mitatu, na ukaona kalsiamu ya mkojo ikishuka kwa wale ambao tangu mwanzo walikuwa na kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Kwa wengine hapakuwa na badiliko la maana. Utafiti wa Italia wa mwaka 2006 ndio ningetaka uusome kwa makini, kwa kuwa unagusa mahali jiwe lako lilipo. Wagonjwa 150 wenye mawe ya kalsiamu ndani ya figo walivunjiwa mawe yao kwa mawimbi ya mshtuko, kisha 78 kati yao wakapewa gramu 2 za dondoo kila siku kwa miezi isiyopungua mitatu, na 72 hawakupewa. Kwa jumla tofauti kati ya makundi hayo haikuwa ya kuaminika kitakwimu. Lakini kwa wenye mawe ya sehemu ya chini ya figo, ambako vipande hukwama kwa kuwa havina mteremko wa kutokea, asilimia 93.7 ya waliotumia dondoo walikutwa hawana tena vipande, au wamebaki na vya chini ya milimita 3 tu, dhidi ya asilimia 70.8 ya wasiotumia. Matokeo hayo yanatia moyo. Angalia, hata hivyo, kwamba kilichovunja mawe ni mashine, na mmea ulisaidia kuondosha vipande, kama ulisaidia kweli, kwa maana kundi la pili halikupewa vidonge vitupu vya kulinganishia.

Utafiti mwingine wa Brazil, wa mwaka 2018, uliwapa watu wenye mawe yasiyofika milimita 10 maji ya mmea uleule uliolowekwa, kwa wiki 12, na idadi ya mawe ikapungua. Haukuwa na kundi la kulinganisha, na katika ugonjwa huu pengo hilo haliwezi kusamehewa. Jiwe dogo huweza kuondoka lenyewe. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililowashirikisha watu zaidi ya 1,100 wenye mawe yasiyozidi milimita 10 yaliyokwama ndani ya ureta, yaani mrija utokao figoni kwenda kibofuni. Baada ya wiki nne, asilimia 81 ya waliopewa tamsulosini, dawa ya kulegeza ureta, hawakuhitaji matibabu zaidi, na waliopewa nifedipini, dawa nyingine ya kulegeza misuli, ni asilimia 80. Na waliomeza vidonge visivyo na dawa yoyote? Asilimia 80. Kama wale waliomeza vidonge vitupu wangekuwa wamepewa chupa ya shemeji yako, wengi wao leo wangekuwa wanaisifu kwa moyo mweupe, na kila mmoja angekuwa anasema ukweli kuhusu alichokiona. Ushuhuda wa namna hii hauna uongo ndani yake, ila hauwezi kutofautisha dawa na muda.

Kipimo nacho kina hila zake. Ultrasaundi huwa na tabia ya kukuza ukubwa wa mawe madogo, hivyo jiwe lililopimwa milimita 8 kwa ultrasaundi na baadaye milimita 6 kwa CT huenda halijabadilika hata chembe. Kwa kuwa wewe ulianza na CT, omba daktari asome matokeo ya mara ya pili akikumbuka kipimo cha kwanza kilikuwa kipi.

Mimea mingine nitaipitia haraka. Habasoda ilijaribiwa nchini Iran katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2019, miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki 10. Asilimia 44 hivi ya waliotumia walitoa mawe yao, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa vidonge vitupu. Ni matokeo ambayo ningependa kuyaona yakirudiwa kwa watu wengi zaidi kabla ya kuyategemea. Nywele za mahindi huongeza mkojo, na maji unayozichemshia huongeza mkojo vilevile. Limau lina sitrati, ambayo huikamata kalsiamu kabla haijakutana na oksaleti, na hoja hiyo ni nzuri. Lakini katika jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2022, ambapo washiriki walitakiwa kunywa mililita 60 za maji ya limau mara mbili kwa siku, tofauti ya kurudiwa na mawe haikufikia kiwango cha uhakika, na wengi walishindwa kuendelea kunywa kitu kikali kiasi hicho kila siku.

Kisa kimoja kinastahili kutajwa peke yake kwa sababu ndicho kilichokaribia zaidi kwenye neno kuyeyusha. Mwaka 2016 timu ya Jeffrey Rimer wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, iliandika katika jarida la Nature kwamba haidroksisitrati, kiambata kinachopatikana kwenye tunda la Garcinia cambogia, kinaweza chini ya masharti fulani kuufanya uso wa fuwele ya kalsiamu oksaleti upoteze tabaka zake, wao wakiliangalia tukio hilo kwa hadubini ya nguvu za atomu. Ni kazi nzuri sana. Tatizo ni kwamba mara tu habari kama hiyo inapotoka, watu hukimbilia vidonge vya Garcinia vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito, na bidhaa za kundi hilo zimehusishwa mara kadhaa na madhara ya ini. Kiambata kilichosafishwa maabara na kidonge cha dukani ni vitu viwili tofauti, hata kama jina la mmea ni lilelile.

Hilo linanirudisha kwenye chupa yako. Geuza lebo uangalie kama imeandikwa sehemu ya mmea iliyotumika, namna dondoo ilivyotolewa, yaani kwa maji au kwa spiriti, na kiasi kilichomo kwa kila kijiko. Majani yaleyale yakichemshwa hutoa mchanganyiko mmoja, na yakilowekwa kwenye spiriti hutoa mwingine, kwa hiyo matokeo ya utafiti uliotumia cha kwanza hayawezi kuhamishiwa kwenye cha pili. Isitoshe, jamii ya Phyllanthus ina mimea inayofanana kama watoto pacha. Phyllanthus amarus huuzwa mara nyingi kwa jina la niruri, na anayechuma porini huenda asijue. Kosa la kubadilisha mmea si dogo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza uzito iliwapa wateja mchanganyiko wa mimea ambamo mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa kimakosa na wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Huhitaji hata kosa ili kuumia: mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao zilishindwa ghafla baada ya kunywa juisi nyingi ya birimbi, tunda lenye oksaleti kwa wingi. Mtu mwenye mawe ya oksaleti akinywa kitu cha namna hiyo kwa nia ya kujitibu, anaupelekea ugonjwa wake malighafi.

Kuhusu lisinopril, hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Dawa hiyo huufanya mwili ubakize potasiamu. Dondoo za majani huwa na potasiamu, na katika utafiti wa Brazil wa mwaka 2018 niliokutajia, potasiamu kwenye mkojo wa watumiaji iliongezeka, ishara kwamba ilikuwa inaingia mwilini. Figo zenye afya huimudu. Figo ambayo utendaji wake umepungua, huku lisinopril ikiibana, inaweza kushindwa, na potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Pia mimea inayoongeza mkojo inaweza kushusha shinikizo chini ya ulivyotarajia. Kwa sababu hizo, usiifungue chupa hiyo kabla ya kupima potasiamu ya damu na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na kabla daktari aliyekuandikia lisinopril hajaiona kwa macho yake. Mpelekee chupa yenyewe. Jina pekee halitamsaidia. Ikiwa vipimo ni vizuri, lebo inaeleweka na daktari ameridhia, sitakulaumu ukiijaribu, mradi usiihesabu kama mbadala wa miadi yako na urudie kipimo cha potasiamu baada ya wiki moja au mbili.

Wakati unaposubiri, maji ndiyo yenye ushahidi ulio imara kuliko chupa yoyote. Jaribio la Italia la mwaka 1996 liliwafuatilia watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Katika miaka mitano, asilimia 12 ya waliokunywa maji hadi mkojo kufikia lita mbili au zaidi kwa siku walirudiwa na mawe, dhidi ya asilimia 27 ya walioendelea kama kawaida. Pima mkojo wenyewe kwa chombo kwa siku moja, kwa kuwa anayehesabu glasi za maji husahau jasho. Punguza chumvi, kwa sababu sodiamu huivuta kalsiamu kwenye mkojo, na usiache vyakula vyenye kalsiamu kwa kudhani ndivyo vilivyojenga jiwe: kalsiamu ikiwa pamoja na chakula huikamata oksaleti utumboni, ikatoka na choo badala ya kwenda figoni.

Usisubiri wiki sita ukipata homa au kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, mkojo ukikata, au kutapika kukakuzuia kubakisha maji tumboni. Mkojo ulioziba ukiwa na maambukizi ni dharura ya saa chache. Vilevile, maumivu yakikoma ghafla usiyachukue kama cheti cha kupona, kwa sababu jiwe linaweza kuteremka kwenye ureta, likaziba kimya kimya, na figo ikaharibika bila kulalamika. Picha ndiyo itakayosema.

Mwisho, kile kijiwe ulichokimwaga chooni ndicho kingejibu nusu ya swali lako. Kuanzia leo, hasa ukisikia maumivu yanashuka kuelekea kinena, kojoa juu ya chujio laini la chai au kitambaa cheupe kilichotandazwa kwenye kikombe. Jiwe linaweza kuwa dogo kama punje ya mchanga mkubwa, la rangi ya kahawia, lenye miiba inayokwaruza kidole. Lisuuze kwa maji, liache likauke juu ya karatasi, liweke kwenye kichupa kikavu bila spiriti wala gundi, na ulipeleke nalo siku ya miadi ili lichunguzwe ni la aina gani. Likionekana ni la asidi ya yuriki, lile la milimita 6 lililobaki, ikiwa nalo ni la aina hiyohiyo, lina dawa ya kuliyeyusha, na dawa hiyo haimo ndani ya chupa uliyoletewa. Potasiamu sitrati nayo ni potasiamu, kwa hiyo siku hiyo mkumbushe daktari kuhusu lisinopril kabla hajashika kalamu.